Breki Zilizojiponya

Watu wa barabara ile walimwita Taratibu. Miaka ishirini na sita kwenye usukani, yote na lori moja la maji, na hakuwahi kukanyaga hata kuku. Madereva waliokwama nyuma yake walimpigia honi, wakamtukania mama na bibi, naye akawapungia mkono kama bwana harusi. "Kaburini hakuna foleni," alikuwa akisema. "Mwenye haraka atangulie."

Lori lenyewe lilikuwa limezaliwa kabla ya binti yake, na binti yake sasa alikuwa na mtoto wa kike anayeanza shule. Lilichota maji kwenye visima vya juu kilimani na kuyashusha mjini, safari nne kwa siku, kwenye mteremko wenye kona saba. Mlango wa dereva ulifungwa kwa waya. Hendibreki ilikuwa pambo. Gia ya tatu ilikuwa na ugonjwa wake: ukiiingiza, inaruka na kutoka yenyewe, kama mtu aliyekalia kaa la moto. Taratibu alikuwa amemwambia tajiri wake, yaani mwenye lori, si mara moja wala mbili. Tajiri alijibu kwamba gari lina gia tano, na mtu mwenye watoto watano mmoja akiugua hafungi nyumba.

Kuteremka na gia ya pili kulikuwa salama, ila kulikula muda, na tajiri alitaka safari zake nne. Kwa hiyo Taratibu alishuka na gia ya nne, mguu juu ya breki kuanzia kona ya kwanza hadi ya saba. Alifanya hivyo miaka mitatu, na breki zikavumilia.

Siku zilipokataa ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Alipoingia kona ya tano alikanyaga pedali, nayo ikazama. Haikugoma wala haikulia. Ilizama mpaka sakafuni kama mguu uliokanyaga matope. Akapampu mara tatu, mara nne. Hewa tupu. Lori likaanza kukimbia, na nyuma yake tani nane za maji zikawa zinalisukuma. Alijaribu kuingiza gia ya pili, sanduku la gia likapiga kelele na kuikataa. Kona ya sita aliikata kwa magurudumu ya upande mmoja. Ya saba aliona haikatiki. Chini yake kulikuwa na watu, maduka na mama wauza mboga. Akageuza usukani na kuupeleka uso wa lori kwenye ukuta wa ghala la saruji.

Ukuta ukaanguka, tangi likapasuka. Watu walikuja mbio, naye akiwa amebanwa kwenye usukani, damu zikimtoka mdomoni, akashukuru Mungu kwa kuwa waungwana bado wapo. Kisha akaona wamebeba ndoo. Walikinga maji mpaka tangi likakauka, wakapeleka nyumbani, wengine wakarudi na madumu. Ndipo mwanamume mmoja akasema, "Jamani, kuna mtu humu."

Meno yake manne ya mbele yalibaki kwenye usukani.

Kesho yake lori lilivutwa kwa mnyororo hadi yadi ya tajiri, akaitwa mkaguzi wa magari. Taratibu alikuja na uso uliovimba, akasimama pembeni. Mkaguzi alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipanda, akakanyaga pedali. Ngumu kama jiwe. Akakanyaga tena na kuishikilia, akisubiri kuona kama itashuka polepole. Haikushuka. Akafungua boneti, akachungulia kikopo cha mafuta ya breki: kimejaa. Akalala chini na tochi akaangalia ndani ya kila gurudumu. Hakuna tone lililovuja.

"Breki zipo," alisema akijikung'uta vumbi.

"Pedali ilithama," Taratibu alisema.

Wafanyakazi wa yadi waliangua kicheko. Mmoja akarudia, "Ilithama," wakacheka upya. Mkaguzi mwenyewe alizuia tabasamu kwa kiganja.

"Mzee, panda ukanyage mwenyewe," alisema.

Taratibu akapanda. Aliweka mguu pale pale alipouweka miaka ishirini na sita, akakanyaga. Pedali ikamjibu, ngumu na ya kuaminika, kama mke aliyelala nje akarudi na kukusalimia kwa heshima. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko meno. Watu kumwita mwongo angeweza kulibeba. Lakini mguu wake mwenyewe ulikuwa umesimama upande wa mkaguzi.

Ikaandikwa kwamba dereva alisinzia. Tajiri alisoma karatasi ile kwa sauti mbele ya wote, akaikunja. "Breki zipo," alisema. "Kilichokosekana ni mtu. Nenda ukalale sasa, Taratibu, maana usingizi ulikuwa unaukosa." Hivyo ndivyo alivyomwaga unga.

Wiki mbili alikaa kwenye chumba chake akijiuliza kama kweli alisinzia. Alikuwa mjane. Binti yake na mumewe waliishi chumba cha pili, ukuta mmoja, kibaraza kimoja. Mkwewe alikuwa dereva pia, aliyekuwa akipeleka mikate mpaka kiwanda kilipofungwa, mtu mpole aliyeinua miguu anapopita mbele ya mkwe wake kana kwamba sakafu imelala. Jioni moja kabla ya magharibi alikuja, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Baba, tajiri ameniita."

"Tajiri gani?"

"Tajiri wako. Lori likitengenezwa, anataka nilishike mimi." Akaangalia vidole vyake. "Nimemwambia nitakuuliza kwanza."

Taratibu alisikia upande wa pili wa ukuta binti yake ameacha kuosha vyombo ili asikilize. Miezi mitano mle ndani kulikuwa hakujaingia mshahara, na sasa hata wake ulikuwa umekatika. Angesemaje? "Shika, baba," akasema. "Chakula hakina kinyongo."

Lakini usiku na mchana pedali ile ilimzamia kichwani. Mwishowe akaenda kumwona Kumi na Tatu.

Kumi na Tatu alikuwa fundi wa breki aliyestaafishwa na vidole vyake. Viungo vilikuwa vimevimba na kupinda hata kikombe akakishika kwa viganja viwili. Jina alilipata kwa sababu ujanani alijigamba kwamba hakuna gari asiloweza kulifungua kwa spana namba kumi na tatu. Sasa alikaa kwenye gogo mbele ya gereji yake tupu, akitukana magari mapya yanayopita. Alimsikiliza Taratibu bila kumkatiza, kisha akauliza maswali kama daktari asiyependa wagonjwa.

"Ilizama ghafla au ilikuwa ikilegea tangu asubuhi?"

"Kona ya nne nilihisi imekuwa laini kidogo. Ya tano ikaondoka."

"Ulinusa kitu?"

"Harufu ya pasi iliyosahauliwa kwenye nguo."

"Ulikuwa umepakia?"

"Tangi zima."

"Asubuhi, ukishuka safari ya kwanza, breki zikoje?"

"Nzima."

"Na mkaguzi alizipima lini?"

"Kesho yake."

Kumi na Tatu akatema mate pembeni. "Amempima maiti homa. Breki zako hazikuvuja, na masta silinda, ile pampu ya pedali, haikufa, ingekufa pedali isingerudi. Kilichokufa ni mafuta. Mafuta ya breki hunywa maji, Dereva. Hata unyevu wa hewani huunywa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa yanakuwa supu. Sasa wewe umekalia breki kona tano, drumu za magurudumu zimekuwa jiko, yale maji yaliyomo yakachemka yakawa mvuke. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana yanasukuma. Mvuke unabanwa. Ulikuwa unakanyaga mvuke."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake imepoa. Mvuke umerudi kuwa maji, pedali imekuwa jiwe. Huo ni ugonjwa unaojifutia ushahidi." Alicheka, lakini si kwa furaha. "Niletee kidogo ya mafuta hayo, nikuonyeshe kwa macho."

Lori lilikuwa bado yadini likisubiri tangi jipya. Geti lilishikwa na mlinzi wa kike, mnene, mwenye maneno, aliyemwita Taratibu shemeji kwa utani wa miaka kumi. Jumapili mchana, yadi ikiwa tupu, alimfungulia. "Dakika tano, shemeji. Ukizidisha nakuoa." Taratibu akafungua boneti, akachota kwa bomba la sindano, akajaza kichupa cha dawa ya kikohozi. Mafuta ambayo yangepaswa kuwa na rangi ya chai nyepesi yalikuwa meusi kama kahawa ya msibani.

Kumi na Tatu aliagiza jiko liwashwe nje, akaweka bati juu yake, na juu ya bati vifuniko viwili vya kopo la kiwi ya viatu. Kimoja kilitiwa mafuta mapya, kingine yale ya lori, kijiko kimoja kimoja. Wakainama wakitazama kama watoto wanaochoma panzi. Bati likapata moto. Mafuta ya lori yakatoa povu pembezoni, kisha yakaanza kutokota na kurusha vitone. Kifuniko cha pili kilikuwa kimetulia kabisa, hata kiputo kimoja hakina.

Taratibu alitazama mpaka kijiko kile kikakauka. Hakuwa amesinzia. Alitaka kuuinua mguu wake na kuuomba radhi.

"Maji mengi hivi hayakutoka hewani peke yake," Kumi na Tatu alisema. "Kikopo cha mafuta kina kifuniko?"

"Kilipasuka miaka minne iliyopita. Kuna nailoni na raba."

"Na injini mnaiosha?"

"Kila Jumamosi. Tajiri anataka ing'ae. Kwa mpira wa maji."

"Nailoni aliifunga nani?"

Taratibu alisukuma kaa moja jikoni kwa kijiti. "Mimi. Nilimwambia anunue kifuniko, akasema mwisho wa mwezi. Kisha nikasahau."

Kumi na Tatu alishika kikombe cha maji kwa viganja viwili. Akalimwagia jiko likazimika.

Asubuhi iliyofuata Taratibu alikwenda ofisini kwa tajiri na vifuniko viwili vya kiwi na vichupa viwili, akaomba moto. Tajiri alikuwa mtu wa shingo fupi anayeongea akiangalia simu. Alimwacha aeleze mpaka mwisho, mapengo na yote, kisha akaweka simu mezani.

"Taratibu, ulipokuwa na meno ulikuwa huongei hivi."

"Bosi, yamwagwe yote, yatiwe mapya, breki za magurudumu yote zitolewe hewa. Ni kazi ya siku moja. Na gia ya tatu ishughulikiwe, dereva asikalie breki."

"Na haya yaliingiaje maji?"

"Kifuniko hakipo. Kuna nailoni."

"Iliyofungwa na nani?"

Taratibu aliuangalia mkono wake.

"Basi mshitaki huyo mkono wako, kwangu hapa umepotea njia." Akaegemea kiti. "Na uliingiaje kwenye lori langu? Nani alikufungulia?"

Taratibu alikataa kusema, lakini geti lilikuwa moja na mlinzi wa Jumapili alikuwa mmoja, na tajiri akapiga simu getini pale pale. Taratibu alipotoka alimkuta mlinzi amekalia begi lake barabarani, sare ya kazi ameshaivua. Hakumwita shemeji. "Umenilipa vizuri," alisema, akageuza uso.

Jumamosi ile lori lilirudi barabarani, tangi jipya, rangi mpya ya bluu, na mafuta yale yale ya breki. Usukani alikuwa nao mkwewe.

Taratibu alimweleza jioni hiyo, wote wakila. Alimweleza vizuri, hatua kwa hatua, habari za mvuke na za vifuniko vya kiwi. Habari ya nani aliyefunga nailoni aliiruka. Mkwewe alisikiliza kwa adabu.

"Nimekusikia, Baba. Ila nimezikanyaga leo safari nne. Ziko kama jiwe."

"Zitakuwa jiwe mpaka dakika ya mwisho. Huo ndio ubaya wake. Shuka na gia ya pili."

"Nitashuka na ya pili."

Binti alikuwa akimpakulia mtoto. Hakuinua kichwa. "Baba," alisema, "wewe umekula kwenye lori lile tangu sijazaliwa. Ukishiba, mwache na mwenzako ashibe."

"Mwanangu, mimi sioni wivu."

"Sijasema wivu. Umesema wewe."

Mkwe alitimiza ahadi. Wiki mbili alishuka na gia ya pili. Akafanya na zaidi: alinunua kifuniko kipya kwa fedha yake mwenyewe, akaitupa nailoni, akaja kumwonyesha mkwe wake raba yake ya kuzuia maji kwa fahari. Taratibu alimwambia kufunika chungu si kubadilisha mchuzi, yamwagwe. Mkwe akasema tajiri hatoi siku nzima gari kulala, kwamba hata safari zenyewe analalamika zimekuwa tatu badala ya nne. Wiki ya tatu tajiri alimwita. Alimwuliza kama amerithi lori au amerithi na jina la Taratibu. Kuanzia siku ile mkwe alishuka na gia ya nne.

Siku tisa baadaye, kama saa tisa alasiri, pedali ilimzamia kati ya kona ya tano na ya sita. Walioona walisema alipampu, mwili mzima ukiruka juu ya kiti. Kisha akafungua ule mlango wa waya na kuruka. Angeanguka kwenye majani angeamka na michubuko tu. Alianguka kwenye lami, gurudumu la nyuma likampita kifuani. Lori lenyewe liliteremka peke yake, likagusa ukingo wa mlima, likageuka, likaenda kujichomeka kwenye lundo la mchanga wa kujengea upya ukuta wa ghala la saruji. Taa moja ilivunjika. Rangi ya bluu ilichunika kidogo.

Msibani watu hawakukosa la kusema. Dereva anayeacha gari likiwa na mzigo mlimani, walisema, ni sawa na nahodha anayeruka wa kwanza. Angekuwa na roho ya mkwe wake angekaa. Waliyasema wakinywa chai, na mjane akiwa upande wa pili wa pazia. Wale wale waliomcheka Taratibu kuwa alisinzia sasa walimtumia kumpiga marehemu kwa kuruka.

Mkaguzi alikuja tena, yule yule, kalamu mbili. Lori lilikuwa limepelekwa kituo cha polisi. Akakanyaga: jiwe. Akachungulia: kikopo kimejaa, tena kina kifuniko kipya. Akaandika kwamba breki zilikuwa nzima na dereva alilitelekeza gari kwa hofu. Kwa karatasi hiyo mjane asingepata hata senti ya bima, na tajiri angekuwa ndiye aliyeharibiwa mali.

Taratibu alimfuata sajini wa barabarani, mwanamke mfupi aliyechoka, ambaye hakupenda mtu yeyote na kwa hiyo hakumpendelea mtu. Alimwambia, "Afande, huyu anapima breki zilizolala. Azipime zikiwa kazini. Lijazwe maji, nilishushe mimi, yeye akae pembeni yangu."

Sajini alimtazama mkaguzi. "Umesema ni nzima?"

"Nzima, Afande."

"Basi huna cha kuogopa."

Tajiri alipinga, akapiga simu tatu, hakuna iliyopokelewa. Kesho yake saa sita mchana barabara ilifungwa juu na chini. Taratibu alikuwa amepanga kila kitu kwa miguu tangu alfajiri. Kabla kidogo ya kona ya tano njia ya zamani ya machimbo ya mawe ilichepuka na kupanda, na hapo ndipo angeliingiza lori likishakataa. Mkaguzi hakuambiwa habari hiyo.

Waliteremka na gia ya nne. Kona ya kwanza, ya pili, mguu juu ya breki. Mkaguzi aliandika kitu. Kona ya tatu harufu ya pasi ikaingia dirishani.

"Unanusa?" Taratibu aliuliza.

"Ni kawaida kwa magari ya zamani."

Kona ya nne pedali ililegea. Taratibu aliusikia ulaini ule chini ya kiatu, na badala ya hofu ikampanda raha, raha mbaya, ambayo hakuwahi kuijua katika maisha yake yote ya upole. Akaendelea kukanyaga mpaka pedali ikalala sakafuni. Kisha akaondoa mguu.

"Ithogelee," alisema. "Ikanyage wewe."

"Nini?"

"Leta mguu wako hapa. Ikanyage."

Lori lilikuwa limeanza kukimbia. Mkaguzi alinyoosha mguu wake wenye kiatu kilichong'aa juu ya gia, akakanyaga. Ukazama. Akakanyaga tena na tena, kalamu zikaanguka, macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Mama," alisema, kwa sauti ya mtoto anayeita toka chumbani. Taratibu angeweza kuwa ameshaanza kugeuza usukani. Alingoja. Alimtazama usoni, akamwacha aione kona ya tano inavyokuja, aione bonde chini yake, ahisi alichohisi mume wa binti yake. Ndipo akakata kuingia njia ya machimbo. Lori likapanda likitweta, likapunguza, akaingiza gia ya pili na kulizima ndani ya gia. Likasimama kimya.

Suruali ya mkaguzi ilikuwa imelowa. Walikaa nusu saa, breki zikipoa. Sajini alipofika alimwamuru mkaguzi akanyage tena mbele yake. Alikanyaga. Ilikuwa jiwe. Akaanza kulia.

Ripoti iliandikwa upya. Marehemu akaondolewa lawama. Lori likafungiwa, na tajiri akaliuza vipande vipande: injini huku, tangi kule. Polisi walimhoji asubuhi moja, akarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Mlinzi wa geti hakurudishwa kazini. Kuhusu bima, waliambiwa faili linashughulikiwa.

Taratibu alichukua nakala ya ripoti akaiweka ndani ya bahasha, akamwendea binti yake kibarazani. Alimkuta anakunja nguo za mumewe, zile za kugawa upande mmoja, zile za kubaki na mtoto upande mwingine. Binti alisoma karatasi yote pole pole. Alisoma mpaka sahihi.

"Kwa hiyo uliliendesha," alisema.

"Niliendesha. Nimemsafisha mume wako."

"Ulishuka nalo mpaka likakataa, halafu ukalipandisha pale machimbo."

"Ndiyo."

"Ile njia ya machimbo haikuwepo mwezi uliopita?"

Taratibu hakuelewa, kisha akaelewa. "Mwanangu, nani angeniruhusu kulisogelea? Nilishafukuzwa."

"Mafuta uliweza kuyaiba. Getini ulipita. Siku ile ile ungeyamwaga yote chini, lori lingelala, na tajiri angetaka asitake angetia mapya. Ungetoboa hata tairi." Alikuwa anakunja shati huku anaongea. "Ulichota kichupa kimoja cha kujisafishia jina, ukafunga boneti vizuri, ukaondoka. Na nailoni hukutuambia ni yako. Tajiri ndiye aliyeniambia, kwenye matanga, akinipa pole."

Alitafuta jibu. Alitafuta kwa uaminifu, kama alivyoitafuta pedali siku ile, na mguu ukazama mpaka chini. Ilikuwa kweli kwamba Jumapili ile, sindano mkononi, hakuwaza lolote isipokuwa kwamba yeye hakusinzia.

"Kamwambie nani unayetaka kwamba wewe ni dereva mzuri," binti alisema. "Mimi najua."

Binti hakuhama. Angehamia wapi? Baada ya arobaini alitafuta kazi kila mahali, na aliyempa ni tajiri, kwenye kibanda chake cha kuuzia maji mjini, akiketi kwenye stuli na kufungulia bomba madumu ya watu. Majirani walisema ana moyo wa chuma kula kwa mtu yule. Yeye alisema mtoto hali moyo.

Taratibu siku hizi yuko kwenye gereji ya Kumi na Tatu. Mmoja ana akili, mwingine ana vidole, na wawili hao pamoja wanatimia fundi mmoja mzuri wa breki. Kila gari linaloingia, hata lililokuja kwa taa tu, anafungua kikopo cha mafuta na kunusa. Wateja wengine hukasirika. Yeye hapotezi maneno nao, anachota kijiko na kuwasha jiko.

Asubuhi binti yake hupita kibarazani akimpeleka mtoto shule kabla ya kwenda kibandani. Hupunguza mwendo mbele ya mlango wa baba yake na kusema shikamoo, kwa sababu mtoto anasikiliza. Taratibu huitikia marahaba. Kisha humwona akiongeza mwendo, akitoka getini na kushika barabara, na mtoto akikimbia kidogo ili amfikie.